Richard Mühlfeld, Mpiga Klarineti

Klarineti ni chombo cha kupulizwa, jamaa ya zumari, ila hutumia utete mmoja tu uliofungwa mdomoni mwa chombo. Wengi hudhani kwamba ili sauti yake ifike mwisho wa ukumbi mkubwa, ni lazima mtu apulize kwa nguvu zake zote. Maisha ya Mjerumani Richard Mühlfeld yatuonyesha kuwa sivyo.

Alizaliwa tarehe 28 Februari, 1856, katika mji mdogo wa Salzungen. Baba yake alikuwa mpiga muziki. Mwaka 1873 kijana huyu aliingia katika bendi ya mtawala wa Meiningen, lakini kama mpiga fidla. Klarineti alijifunza zaidi kwa juhudi yake mwenyewe, na mwaka 1879 akafanywa mpiga klarineti wa kwanza katika bendi ile ile.

Sauti ya klarineti hutokana na utete unaotikiswa na pumzi. Pumzi ikisukumwa kwa pupa, sauti hukwaruza na kushuka. Pumzi ikiwa imara na yenye kutoka tumboni, hata sauti ndogo husikika safi katika viti vya nyuma. Kwa hiyo wapigaji hujizoeza kushika noti moja kwa muda mrefu: huianza taratibu, huikuza, kisha huipunguza, nayo isipande wala isishuke.

Mwaka 1890 mtungaji mashuhuri Johannes Brahms alikusudia kuacha kutunga. Machi 1891 alimsikia Mühlfeld huko Meiningen, akabadili nia. Mwaka ule ule alimtungia vipande viwili vya muziki, na mwaka 1894 viwili vingine. Kimoja, cha klarineti na vyombo vinne vya nyuzi, kilipigwa mbele ya watu Berlin tarehe 12 Desemba, 1891. Katika sehemu yake ya polepole, vyombo vya nyuzi hubanwa ili sauti zao zififie, na klarineti huimba kwa upole juu yao. Hapo nguvu za kifua hazifai kitu.

Mühlfeld alifariki mwaka 1907. Klarineti nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa mpingo, mti uotao Tanzania na Msumbiji. Lakini mti mzuri peke yake hautoshi. Wanafunzi wenzetu mnaopuliza vyombo katika bendi, kumbukeni: aliyembadili nia Brahms hakupiga kelele, alijizoeza miaka mingi katika mji mdogo, mpaka sauti yake ikawa safi.