Mzee Priestley na Maji ya Gesi

Kijana mmoja wa Awasi, atakaye kujitengenezea soda nyumbani, aliniuliza mtungi wa gesi aufungulie presha kiasi gani. Jua la uwanda wa Kano lilikuwa kali. Kabla ya kumjibu nikamkumbuka Joseph Priestley.

Mwingereza huyu, mzaliwa wa mwaka 1733, alikuwa mhubiri wa namna yake: aliukana Utatu, akashikilia kuwa Mungu ni mmoja. Mwaka 1767 alihamia Leeds, jirani na kiwanda cha pombe (ujirani huo tusimlaumu), akaiona hewa nzito iliyotanda juu ya mapipa. Akaitia majini, na mwaka 1772 akatoa kijitabu cha kuifundisha kazi hiyo. Chombo chake kilikuwa kibofu cha mnyama, akikiminya kwa mkono. Presha ndogo mno; biashara waliifanya wengine.

Mwaka 1791 wafanya ghasia wa Birmingham walimchomea nyumba na maabara, kwa dini yake na kwa kuyapenda mapinduzi ya Ufaransa. Akahamia Marekani mwaka 1794, akafia huko 1804.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, William Henry alichapisha kuwa presha ikizidi, gesi iyeyukayo majini nayo huzidi kwa kadiri ile ile. Baridi husaidia pia: maji ya nyuzi 5 hunywa gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25.

Basi nikamwambia ayapoze maji kwanza. Paundi 30 kwa inchi ya mraba zitamtosha, katika chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo, chenye valvu ya usalama. Mkononi alishika chupa ya kioo. Nikamwomba aiweke chini.