Maisha ya Daktari Samuel Howe, Mtetezi wa Watoto Waliofichwa

Katika kila nchi wapo watoto ambao akili zao hazikui sawasawa na miili yao. Wengine hawasemi, wengine hukawia mno kutembea, na wengine hushindwa kujilisha hata wawapo watu wazima. Zamani wazazi wengi waliwaficha kwa kuona haya, na majirani wakawacheka. Mwezi huu twapenda kuwapasha habari za mtu aliyesimama mbele ya serikali yake akaomba fedha za watu wote kwa ajili ya watoto hao, wakati ambapo wengi waliona ombi hilo kuwa upuzi. Jina lake ni Samuel Gridley Howe, wa mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani.

Howe alizaliwa tarehe 10 Novemba mwaka wa 1801. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa kamba za merikebu. Kijana alisoma udaktari katika chuo cha Harvard, akahitimu mwaka wa 1824. Siku zile Wagiriki walikuwa wakipigana na Waturuki ili wapate uhuru wao, na Howe, badala ya kutafuta kazi ya faida mjini kwao, akavuka bahari kwenda kuwatibu majeruhi. Vita vilipoleta njaa, akarudi Marekani kuomba michango, kisha akaenda tena Ugiriki pamoja na shehena ya vyakula na nguo. Katika kisiwa cha Aegina aliwaona wakimbizi wengi wasio na kazi. Wagonjwa na wazee aliwapa vyakula bure, bali wenye nguvu aliwaweka kujenga gati ya bandari, na vyakula vikawa ujira wao. Hapo alijifunza neno ambalo hakulisahau maisha yake yote, ya kuwa msaada mwema ni ule umwinuao mtu asimame kwa miguu yake.

Mwaka wa 1831 aliporejea Boston, waungwana wa mji walimwomba aongoze shule ya vipofu iliyokuwa imeamriwa, lakini haijaanza. Akaenda kwanza Ulaya kutazama shule za huko. Huko aliwapelekea msaada wakimbizi wa Poland, na kwa ajili hiyo serikali ya Prussia ikamtia gerezani katika mji wa Berlin kwa majuma kadhaa. Mwaka wa 1832 alianza kufundisha watoto wachache katika nyumba ya baba yake. Baada ya miezi michache aliwapeleka mbele ya Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, nao wakasoma kwa vidole vyao machoni pa wazee wa Baraza. Wazee wakastaajabu, wakakubali kutoa fedha za kila mwaka ili vipofu maskini wafundishwe bila malipo. Mwaka wa 1837 akampokea msichana aitwaye Laura Bridgman, asiyeona wala kusikia, akamfundisha kusoma na kuandika. Habari hiyo ikaenea pande nyingi za dunia. Mwaka wa 1843 Howe alimwoa Julia Ward, ambaye baadaye alijulikana sana kwa tenzi zake.

Basi, miongoni mwa vipofu walioletwa shuleni walikuwamo wachache ambao akili zao pia zilikuwa dhaifu. Watu walidhani hao hawawezi kufundishwa kabisa. Howe akajaribu, akaona kwamba waweza kujifunza, ijapokuwa polepole. Akajiuliza, ikiwa mtoto asiyeona na mwenye akili dhaifu aweza kufundishwa, kwa nini aonaye na mwenye udhaifu ule ule aachwe kama mnyama? Tena zilifika barua kutoka Paris, za rafiki yake George Sumner, zikieleza jinsi mwalimu Édouard Séguin alivyowafundisha watoto wa namna hiyo kwa mazoezi ya mikono, macho na miguu.

Mwaka wa 1846 Baraza la Massachusetts liliwaagiza watu watatu, Howe akiwa mmoja wao, wachunguze hali ya watu hao katika jimbo. Hapa twaona hekima yake. Hakuanza kwa kulia wala kwa kulaumu, alianza kwa kuhesabu. Walizuru miji na vijiji zaidi ya 60, wakawaona kwa macho yao watu zaidi ya 500. Waliwapima nguvu, wakaandika wawezayo kufanya na wasiyoyaweza, na jinsi wanavyotunzwa. Wengi waliwakuta katika nyumba za maskini, wachafu, bila kazi wala mafunzo. Tena ilikuwa desturi katika sehemu zile mji kumkabidhi maskini wake kwa mtu atakayekubali kumlisha kwa malipo madogo kuliko wengine wote. Mtu asiyeweza kusema angemshitakije bwana amnyimaye chakula?

Taarifa ya Howe ilitolewa mwaka wa 1848. Wako waliocheka, hata katika marafiki zake. Lakini hoja yake ilikuwa wazi. Serikali ya jimbo hutoza kodi kwa watu wote, na kwa fedha hiyo huwasomesha watoto wote, hata vipofu na viziwi. Wazazi wa mtoto mwenye akili dhaifu nao hulipa kodi ile ile. Basi kumnyima mtoto wao si kuweka akiba, bali ni kumwondoa katika hesabu ya watoto wa nchi. Hakuomba sadaka, kwa maana sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, leo yupo na kesho hayupo. Aliomba haki, ambayo hukaa katika sheria.

Mwaka huo huo daktari mwingine, Hervey Wilbur, alifungua shule ya watoto hao nyumbani kwake katika mji wa Barre, lakini ilikuwa kwa wazazi wawezao kulipa. Howe aliwatafutia njia wale wasioweza. Baraza likakubali kutoa dola 2,500 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 3, kuwafundisha watoto 10 wa maskini. Ilikuwa fedha kidogo na ya majaribio tu, hata hivyo Howe hakuidharau. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1848 akawakaribisha watoto katika sehemu moja ya shule yake ya vipofu, chini ya mwalimu James Richards.

Kazi ilikuwa ya subira nyingi. Mtoto alifundishwa kwanza kusimama, kisha kushika kijiko, kuvaa nguo, kutamka neno moja, na baadaye kazi nyepesi za mikono. Miaka mitatu ilipotimia, Baraza likaona ya kuwa watoto waliokuja wakitambaa sasa watembea, na waliokuwa wakilishwa sasa wala wenyewe mezani. Mwaka wa 1851 likazidisha fedha hata dola 5,000 kwa mwaka, na shule ikawa ya kudumu. Mwaka huo huo jimbo la New York likaanzisha shule yake, na majimbo mengine yakafuata.

Hatupendi kumsifu mtu kupita kiasi. Katika taarifa ile Howe aliandika kwamba sehemu kubwa ya udhaifu huo husababishwa na ulevi na makosa ya wazazi. Katika neno hilo alikosea sana. Leo twajua kuwa sababu ni nyingi: uzazi mgumu unaomnyima mtoto hewa, homa za ubongo, ukosefu wa madini ya aidini katika chakula cha mama, mabadiliko ya mbegu za urithi yasiyotokana na tendo la mtu ye yote, na mara nyingi sababu haijulikani hata kidogo. Neno lile la Howe liliwaongezea mzigo akina mama waliokuwa na mzigo wa kutosha.

Lakini kuna neno jingine aliloliona kabla ya wenzake. Shule aliyoikusudia ilikuwa ya kupokea watoto wadogo, kuwafundisha kwa miaka kadhaa, kisha kuwarudisha kwao. Haikuwa nyumba ya kuwaweka hata kufa. Tangu mwaka wa 1865 hata 1874 alikuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Misaada ya jimbo lake. Mwaka wa 1866 alialikwa katika mji wa Batavia, jimbo la New York, siku ya kuweka jiwe la msingi la shule mpya ya vipofu. Watu walitazamia hotuba ya furaha. Yeye akawaonya wasikusanye wenye udhaifu wa namna moja katika majumba makubwa yaliyotengwa na watu, bali wawaache wakae miongoni mwa jamaa na majirani, na nyumba za mafunzo ziwe chache na ndogo. Ni jambo zito kwa mtu aliyejenga nyumba hizo mwenyewe kusema hivyo mbele ya wajenzi.

Howe alifariki tarehe 9 Januari mwaka wa 1876, na onyo lake likasahauliwa. Shule yake ikahamishiwa Waltham, nje ya Boston, ikapewa baadaye jina la mkuu wake Walter Fernald, ikakua hata ikawa na watu wapatao 2,500. Fedha ya serikali iliendelea kutolewa, lakini sasa ilikuwa fedha ya kuwafungia watu, si ya kuwafundisha. Baada ya mwaka wa 1945 wataalamu waliwapa wavulana wa pale uji uliotiwa chembe za mnururisho ili kuwachunguza, bila wazazi kuelezwa ukweli. Tangu mwaka wa 1972 wazazi walipeleka mashitaka mahakamani juu ya majumba ya namna hii katika Massachusetts, na jaji akaamuru yatengenezwe. Mwaka wa 1981 sheria ya Marekani iliruhusu fedha ya serikali ya kuwatibu maskini ilipie pia msaada utolewao nyumbani kwa mtu au katika nyumba ndogo mtaani. Hata hivyo katika majimbo mengi wenye haja wamengoja zamu yao miaka mingi. Mtu wa mwisho alitoka katika jumba la Waltham mwaka wa 2014, miaka 166 baada ya wale watoto 10 wa kwanza.

Basi, ndugu wasomaji, maisha haya yatufundisha nini? Kwanza, aombaye haki ya mtoto na aende na hesabu mkononi: watoto wangapi, wako wapi, wanahitaji nini. Barazani huruma husahauliwa upesi, lakini hesabu iliyoandikwa hudumu. Pili, asidharau mwanzo mdogo, maana watoto 10 walioonekana wakitembea walifungua milango ambayo maneno mengi yasingeifungua. Tatu, na hili ndilo kubwa, fedha ikipatikana kazi haijaisha. Yatupasa kuifuata kwa macho tuone yampeleka mtoto wapi. Dola zile zile ziliweza kumfundisha mtoto kushika kijiko arudi mezani kwa mama yake, na ziliweza kumfungia nyuma ya ukuta asionekane tena.

Kama katika usharika wako yuko mtoto wa namna hii chumbani, umjue jina lake, uwatembelee wazazi wake, na uandamane nao waendapo kuuliza ofisini haki yake ni ipi. Safari hiyo ni nzito kwa mzazi aliye peke yake.