Hendrik Bode na Pambizo la Fezi

Hendrik Wade Bode alizaliwa tarehe 24 Disemba 1905 mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Alisomea Chuo Kikuu cha Ohio State, akaajiriwa na Maabara ya Bell mwaka wa 1926, na mnamo 1935 akatunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Columbia.

Siku hizo simu za mbali zilipokezanwa na amplifaya nyingi, na kila moja iliichafua sauti kidogo. Mwaka wa 1927 Harold Black, wa maabara iyo hiyo, alibuni mrejesho hasi: sehemu ya mawimbi yanayotoka hurudishwa mwanzoni kinyumenyume ili kufuta kosa. Dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Mawimbi huchelewa njiani, na ucheleweshaji huo, ambao hupimwa kwa digrii za fezi, huzidi kadiri masafa yanavyopanda. Ukifika digrii 180, mrejesho uliokusudiwa kupinga hugeuka kuunga mkono. Iwapo wakati huo ukuzaji wa mzunguko mzima haujashuka chini ya moja, amplifaya hupiga mayowe yenyewe.

Mwaka wa 1932 Harry Nyquist alionyesha namna ya kutambua mfumo utakaotulia na utakaoyumba. Bode alikwenda mbele zaidi, akauliza: uliotulia umebakiza nini kabla ya kuyumba? Katika masafa ambapo ukuzaji wa mzunguko ni moja, toa ucheleweshaji katika 180. Salio ndilo pambizo la fezi. Salio la digrii 60 huleta utulivu. La digrii 10 huacha mfumo ukitetemeka muda mrefu kila unapogutushwa. Alithibitisha pia kwamba, katika saketi za kawaida, kuushusha ukuzaji kwa ghafla huongeza ucheleweshaji. Hivyo, anayetaka utulivu sharti aushushe taratibu.

Katika Vita vya Pili vya Dunia alishiriki kuunda kielekezi cha mizinga ya kutungulia ndege, M9, kilichotumiwa kuilinda Uingereza dhidi ya makombora ya V-1 mwaka wa 1944. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka wa 1945. Mwaka wa 1967 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard kufundisha, na akafariki tarehe 21 Juni 1982.

Amplifaya ya operesheni µA741, iliyotolewa mwaka wa 1968, ilifichwa ndani yake kapasita ndogo ya kupunguza ukuzaji mapema na taratibu, ili pambizo lisalie. Maelfu ya mafundi waliitumia bila kulijua jina la Bode. Hata hivyo, utulivu walioutegemea ulipimwa kwa kipimo chake.