Madam Walker na Sisi Wenye Nywele za Mafuta

Wanachuo wenzangu, safari hii siandiki kuhusu uchaguzi wa serikali yetu ya wanafunzi wala kuchelewa kwa boom. Naandika kuhusu nywele. Mimi ni binti wa Mwaya, kule Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na nywele zangu ni za mafuta kiasili. Nikiziosha leo, keshokutwa ngozi ya kichwa inang'aa kama imepakwa mawese. Ushauri nimepewa mwingi, kuanzia nyumbani mpaka bwenini, lakini aliyenifungua macho ni mwanamke aliyefariki mwaka 1919: Madam C. J. Walker wa Marekani. Wengi wanamjua kama tajiri wa vipodozi. Mimi namkumbuka kama mtu aliyefundisha watu kuosha kichwa.

Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba ambako wazazi wake walikuwa watumwa. Dada na kaka zake walizaliwa utumwani, yeye akazaliwa huru. Uhuru wenyewe haukuja na ardhi wala shule. Alipofikisha miaka 7 alikuwa ameshapoteza baba na mama. Akalelewa na dada yake, akaolewa ana miaka 14, akamzaa binti yake Lelia mwaka 1885, na mwaka 1887 mume akafariki. Hapo alikuwa hajafika hata miaka 20. Huo ndio umri ambao wengi wetu tunaanza mwaka wa kwanza.

Akamchukua mtoto, akaenda St. Louis walikokuwa kaka zake, ambao walikuwa vinyozi. Kazi aliyoipata yeye ni kufua nguo za watu, na aliifanya miaka mingi, kutwa nzima mikono kwenye sabuni kali na mvuke. Kwa hela hiyo ndogo alimsomesha binti yake. Katika miaka hiyo ya 1890 nywele zake zikaanza kunyonyoka, mpaka sehemu nyingine za kichwa zikawa wazi.

Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za watu weusi hazikuwa na maji ya bomba, na wanawake wengi walikuwa wakiosha nywele mara moja kwa mwezi, wakati wa baridi hata chini ya hapo. Katikati ya mwezi walikuwa wakipaka mafuta juu ya mafuta. Matokeo yake yalikuwa mba, vidonda na nywele kukatika.

Ngoja nieleze kidogo kinachotokea. Kila unywele unatoka kwenye kitundu chenye tezi ndogo inayotoa mafuta. Nywele zikiwa zimenyooka, mafuta hayo yanateleza hadi nchani. Zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta yanabaki pale pale kwenye shina. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ngozi ya kichwa iliyolowa mafuta huku ncha za nywele ni kavu kama makapi ya mpunga. Tena kuna fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila binadamu na chakula chao ni mafuta hayo. Wakizidi, mba inazidi na kichwa kinawasha. Mtu anaona magamba meupe, anadhani ni ukavu, anaongeza mafuta, na fangasi wanapata chakula zaidi.

Sarah alijaribu dawa mbalimbali, zikiwemo za Annie Malone, mwanamke mweusi aliyemtangulia katika biashara hiyo, na kwa muda akawa wakala wake. Mwaka 1905 akahamia Denver. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, akachukua jina lake, akaanza kuuza dawa yake mwenyewe. Wateja aliwasimulia kwamba ilimjia ndotoni na kwamba baadhi ya vitu vyake vilitoka Afrika. Kusema kweli, ndani yake mlikuwa na mafuta ya mgando na salfa, na salfa ilikuwa inajulikana tayari kwa kutibu ngozi. Hadi leo kuna sabuni za mba zenye salfa.

Ila dawa ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine ilikuwa utaratibu: osha kichwa mara kwa mara, shughulikia ngozi kwanza, halafu ndiyo upake. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa akionyesha kwa mikono yake. Mwaka 1908 alifungua chuo Pittsburgh na kukiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Maelfu ya wanawake waliojifunza kwake waliacha kufua na kupika kwenye nyumba za watu, wakaanza kula jasho lao wenyewe.

Lawama hazikukosekana. Mpaka leo wapo wanaosema aliwafundisha weusi kunyoosha nywele ili wafanane na wazungu. Ni kweli chanuo la moto lilikuwamo kwenye mafunzo yake, ingawa hakulibuni yeye. Mwenyewe alikuwa akisisitiza kuwa kazi yake ni afya ya nywele. Nadhani pande zote mbili zina hoja. Lakini pesa zake zilikwenda pia kwenye mapambano: mwaka 1917 alikuwa kwenye ujumbe uliokwenda Ikulu ya Marekani kupinga mauaji ya watu weusi, na muda mfupi kabla ya kufariki aliahidi dola 5,000 kwa chama cha NAACP kwa ajili ya vita hiyo. Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51.

Sasa turudi kwetu. Shule nyingi wasichana tunakata nywele fupi mpaka kidato cha sita. Tunafika chuo hatujawahi kuzitunza, na hapo hapo msusi, matangazo na marafiki wa bwenini wote wanatuambia tupake. Mwenye nywele za mafuta anaitwa mchafu, basi anafunga kilemba juani au anasuka rasta na kukaa nazo miezi miwili bila tone la maji. Kwa sisi tunaotoka kwenye joto na unyevu kama wa Kyela, jasho linamalizia kazi.

Dada zangu, na kaka zangu wenye afro, nywele za mafuta si uchafu na si ugonjwa. Osha ngozi ya kichwa kwa shampuu mara moja au mbili kwa wiki, hata ukiwa umesuka, na suuza vizuri. Mafuta paka nchani, shina liache. Fua foronya na kilemba, osha na chanuo lako. Ukiona vidonda, au nywele zinatoka kwa mabaka, nenda zahanati ya chuo kabla hujaenda dukani. Yote haya hayazidi bei ya shampuu moja, na boom linalobaki lina kazi nyingine.