Lord Kelvin: Mzee Aliyepima Kasi Kabla ya Intaneti

Tukiandika maisha ya watu maarufu huwa tunakimbilia wanasiasa na majemadari. Safari hii nawaletea profesa wa fizikia aliyefariki mwaka 1907. Kompyuta hakuiona, lakini kila tunapobonyeza kile kitufe cha kupima kasi ya intaneti tunarudia swali lake: ujumbe ukipita kwenye waya mrefu, ni kitu gani kinauchelewesha?

Jina lake la kuzaliwa ni William Thomson. Alizaliwa Belfast tarehe 26 Juni 1824, mama yake akafariki yeye akiwa bado mdogo. Baba, mwalimu wa hesabu, alipata kazi Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1832 akahama na watoto wake wote. William akaandikishwa chuoni akiwa na miaka 10! Umri huo wengi wetu tulikuwa tunahangaika na jedwali la kuzidisha. Akasoma Cambridge, na mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akarudi Glasgow kuwa profesa. Kiti hicho alikikalia miaka 53.

Miaka ya 1850 Waingereza na Wamarekani walitaka kulaza waya wa telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1855 Thomson alichapisha hesabu zake, na hazikuwafurahisha wenye haraka. Alionyesha kwamba waya wa baharini hujaa umeme polepole na kuuachia polepole, kwa hiyo alama zinafika zimevurugika. Urefu ukiongezeka mara 2, ucheleweshaji unaongezeka mara 4. Dawa ni shaba nene na safi, ganda nene la kuzuia umeme usivuje, na chombo cha kupokelea chenye hisia kali.

Fundi mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji, alimbishia. Yeye aliamini katika nguvu: ujumbe ukisuasua, ongeza umeme. Thomson hakususa. Alipanda meli mwaka 1857 na 1858 bila mshahara, akapigwa na dhoruba, na akatengeneza galvanomita ya kioo: kioo kidogo chepesi kinachorusha doa la mwanga ukutani hata umeme ukiwa kiduchu.

Agosti 1858 waya ukaunganika. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno 98 tu, zilichukua karibu saa 16 kufika. Whitehouse akausukumia waya umeme wa volti kama 2,000, nao ukafa baada ya wiki chache. Watu walikuwa wameshasherehekea, jamani! Uchunguzi uliofuata ulimpa Thomson haki. Mwaka 1866 waya mnene zaidi ulilazwa na meli ya Great Eastern, ukapitisha maneno kama 8 kwa dakika, na Thomson akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo ukafika Zanzibar kutoka Aden, na habari zilizokuwa zikisafiri kwa wiki kadhaa za meli zikaanza kufika siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwetu. Hapa Hounslow tunakaa watu 5 nyumba moja na bili tunachangia. Mwaka jana nusura tukosane. Intaneti ilizorota, lawama zote zikamwangukia mdogo wetu mmoja kwa vile hakosi mechi. Wengine wakasema ni ndege za Heathrow zinazopita juu ya paa. Ikafikia kutaka kumtoza zaidi, na kijana akaanza kutafuta chumba kwingine. Nikawaambia tupime kwanza. Tukachomeka laptop kwenye ruta kwa waya: megabiti 60 kwa sekunde. Tukapanda chumba cha juu, kwa waifai: 7. Na kijana yuko kazini, simu yake kaenda nayo! Ruta ilikuwa imesukumwa nyuma ya friji, jirani na maikrowevu. Friji ni ukuta wa chuma, na maikrowevu ikiwaka inapiga kelele kwenye masafa yale yale ya waifai ya kawaida. Tukaihamishia koridoni, chumba cha juu kikapata 41. Kijana bado yupo, tena ndiye anayepika Jumapili.

Kwa hiyo ukipima, soma namba 3: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kumbuka megabiti 8 ndiyo megabaiti 1, usije ukadhani umeibiwa. Pima kwa waya na kwa waifai, asubuhi na saa 3 usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Na kama nyumba yenu bado inatumia shaba kutoka kwenye kabati la mtaani, umbali wa hilo kabati bado unakula kasi.

Kuna jambo lingine kipimo hakikwambii. Kwa kawaida kinachagua seva ya karibu, yaani kinapima njia ya kutoka kwako hadi hapo London. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ungepima Hounslow siku hiyo ungeona namba nzuri tu, huku mama Dar es Salaam hapatikani. Mwanga kwenye mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na Dar iko kilomita kama 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata siku njema kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 75. Ukitaka kujua hali ya simu ya nyumbani, chagua seva ya nyumbani.

Thomson akawa Lord Kelvin mwaka 1892, jina la mto unaopita karibu na chuo chake. Si kwamba hakukosea. Umri wa dunia aliukadiria mdogo mno. Alifariki tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Abbey inafikika kutoka Hounslow kwa line ya Piccadilly na kubadilisha mara moja tu. Mkienda kumtazama, kumbukeni kwamba Whitehouse alitumia nguvu akaua waya, na huyu alipima, ukapona. Nyumba zetu za kuchangia nazo ni hivyo hivyo: kabla ya kumnyooshea mtu kidole, pimeni.