Mabano Katika Biblia Yako

Mpendwa msomaji, kama unayo karibu Biblia ya Muungano, ile iliyochapishwa mwaka 1952 na ambayo bado inakaa juu ya mimbari nyingi za makanisa yetu, ifungue Injili ya Mathayo sura ya 17, mstari wa 21. Hapo Bwana anazungumzia sala na kufunga, baada ya kumponya kijana mwenye kifafa. Utaona mstari huo umefungwa ndani ya mabano. Kisha nenda Yohana sura ya 5, kwenye birika la Bethzatha. Habari ya malaika anayeshuka kuyatibua maji nayo imo ndani ya mabano.

Pengine umeipita mistari hiyo mara mia bila kuyaona. Mimi niliyaona Issenye, wilayani Serengeti, katika kikundi cha kujifunza Biblia baada ya ibada. Mama mmoja mzee alikuwa akituongoza kusoma sura hiyo ya Mathayo. Alipofika mstari wa 21, kijana mmoja aliyekuwa na Biblia ya Kiingereza kwenye simu yake akasema kwamba kwake mstari huo haupo, na kwamba hesabu inaruka kutoka 20 hadi 22. Tukacheka kidogo. Mama hakucheka. Alitueleza polepole kwamba mtoto wake aliugua kwa miaka mingi, na kwamba alifunga kila Ijumaa kwa kuushika mstari ule. Sasa alitaka kujua ni nani aliyeuondoa, na kwa ruhusa ya nani.

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilichohitaji kumwambia ni habari za mtu ambaye Wakristo wachache wa bara wanamkumbuka, ingawa pwani na vyuoni jina lake halijafutika: Mchungaji William Ernest Taylor, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1856 na kufariki mwaka 1927.

Taylor alifika Mombasa mwaka 1880 akiwa na miaka 24, ametumwa na shirika la Kianglikana la CMS, lile lile lililomtuma Krapf kabla yake. Alikuwa amesoma Oxford, na msomi wa Oxford wa siku zile alikula Kilatini na Kigiriki asubuhi na jioni. Tulia kidogo hapa, msomaji, maana usomi huo ndio ufunguo wa habari yote.

Mwanafunzi wa Kilatini hujifunza mapema jambo linaloshtua kidogo. Virgil, mshairi mkuu wa Roma, alikufa miaka 19 kabla ya Kristo, na hakuna karatasi yake hata moja iliyobaki. Tulichonacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono na watu waliochoka, waliosinzia, au waliodhani wanamsahihisha bwana mkubwa. Dante, baba wa fasihi ya Kitaliano, alifariki mwaka 1321, yaani karibu zaidi na sisi, lakini hata yeye hakutuachia mstari mmoja wa mkono wake. Utenzi wake mkuu umetufikia katika nakala za mkono zipatazo 800, na hazikubaliani. Basi ikazuka kazi ya kuzikusanya nakala, kuzilinganisha neno kwa neno, kujua ipi imezaliwa na ipi, na kuuliza mwandishi mwenyewe aliandika nini. Wanaiita uhakiki wa matini. Anayeifanya kwa haki hukupa maandishi aliyoyachagua, na chini ya ukurasa hukuonyesha pia yale aliyoyakataa, ili ukitaka kumpinga uwe na silaha. Bingwa mmoja wa Ujerumani, Karl Lachmann, aliisogeza mbele sana kazi hii karne ya 19. Alimhariri mshairi wa Kilatini Lucretius, na Agano Jipya la Kigiriki alilihariri kwa jicho lile lile.

Kijana Taylor alishuka Mombasa na jicho la namna hiyo. Alivaa kanzu, akahubiri sokoni, na kwa kweli hatusikii kwamba sokoni alivuna wengi. Mombasa ulikuwa mji wa Kiislamu wenye wanazuoni wake, na haukuwa ukimngoja. Lakini huyu mhubiri alifanya jambo ambalo wahubiri wengi hatulifanyi. Aliketi akafundishwa. Mwalimu wake mkuu alikuwa Mwislamu wa mji ule, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu aliyejua mashairi ya wahenga kama wewe unavyojua Baba Yetu.

Mashairi hayo mengi yalikuwa ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, aliyetunga juu ya vita vya Mazrui na Sultani wa Zanzibar, juu ya njaa, mapenzi, na majirani wasiolipa madeni. Hayakuwa katika kitabu. Yalikuwa vinywani mwa watu, na katika vikaratasi. Sikujua aliyakusanya, akayaandika pamoja na visa vyake: hili lilitungwa kwa sababu gani, na nani alijibiwa kwa lile. Taylor alinakili, akauliza, akaandika maelezo pembeni. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alichapisha London kitabu cha mamia ya methali za Kiswahili, na yeyote anayekifungua leo anaona kwamba kijana wa Oxford asingeweza kuyajua mambo yale peke yake.

Hapa niseme wazi kinachonikera. Jina la Taylor liko juu ya jalada. La Sikujua na wenzake unalitafuta ndani. Ndivyo ilivyokuwa enzi zile, na si Taylor peke yake, lakini dhuluma haiwi haki kwa kuwa imeenea.

Tazama sasa ugumu wa kazi yenyewe. Kiswahili cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu kina alama tatu za irabu tu. O na u ziliandikwa sawa, e na i sawa. Hakina p, kwa hiyo waandishi wengi waliandika b. Herufi n ikitangulia d mara nyingi iliachwa. Neno moja katika nakala ya kale, basi, laweza kusomwa punda, ponda, au bunda. Msomaji wa Mara unacheka, maana Bunda ni mjini kwetu. Lakini fikiri mtu anayetafuta maana ya beti nzima juu ya neno hilo moja. Taylor alibuni alama za kutenganisha sauti hizo, akaenda mbali hadi kutofautisha paa ya nyumba na paa wa porini, ambayo mtu wa Mombasa huitamka kwa pumzi na wengi wetu wa bara hatuisikii kabisa.

Kisha kuna wanakili. Mshairi wa Lamu alisema moya. Mnakili wa Mombasa au Unguja, kwa mazoea ya ulimi wake, aliandika moja. Kama neno hilo limeketi mwisho wa mstari na wenzake wote wanaishia kwa ya, vina vinapiga kelele kwamba mkono mgeni umepita hapo. Katika kazi hii vina na mizani ni mashahidi wasiohongwa. Tena kuna kanuni waliyoijua wasomi wa Kilatini: nakala mbili zikitofautiana, moja ina neno gumu la kale na nyingine neno jepesi la kila siku, lielekee lile gumu, maana mnakili hurahisisha. Ni nadra afanye gumu lililokuwa rahisi.

Kwa mizani hiyo Taylor aliushika utenzi ambao wengi huuhesabu kuwa kilele cha ushairi wetu wa kale, Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mtunzi anaiambia nafsi yake itazame magofu ya Pate, majumba yaliyowaka taa za fahari na sasa yamekuwa makao ya popo, ijue kwamba nayo inapita. Toleo la Taylor, lenye maandishi aliyoyahakiki pamoja na tafsiri ya kishairi, lilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, kilichotolewa Cambridge. Katika kichwa cha kitabu hicho kazi ya Taylor imeitwa kwa istilahi ile ile wanayoitumia wahariri wa Kilatini.

Mpendwa msomaji, usilipite hili haraka. Huyu alikuwa mchungaji. Alikuja kuhubiri Kristo, na hakuacha kumhubiri. Mkononi alikuwa na utenzi wa Kiislamu unaoanza kwa Bismillahi, unaozungumzia mauti na hukumu kwa nguvu ambayo mahubiri yake sokoni pengine hayakuwa nayo. Angeweza kuuchota nusu, akaupaka rangi ya kwetu, akaimba nao kanisani. Wapo waliofanya hivyo kwa vitu vya watu. Yeye aliutafutia maneno ya mwenyewe, aliyemwita Mungu kwa jina alilomwita. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo nadhani aliielewa kuwa inafika mpaka kwenye irabu.

Taylor pia alishiriki kutafsiri sehemu za Maandiko kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akiamini kwamba ndiyo iliyobeba urithi wa washairi. Hapo alishindwa. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Biblia uliyo nayo ni mtoto wa uamuzi huo. Karatasi zake zilikwenda London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Kutoka humo William Hichens alitoa diwani ya Muyaka mwaka 1940, ikachapishwa Johannesburg, na baadaye Profesa Mohamed Abdulaziz, mwana wa Afrika Mashariki, alizirudia karatasi hizo akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, Nairobi, mwaka 1979. Mtu anayemsoma Muyaka leo anakunywa kisima kilichochimbwa na Sikujua, hata kama kikombe ni cha mwingine.

Nilirudi Issenye na habari hizi. Nilimweleza mama yule kwamba Mathayo naye, kama Muyaka na kama Dante, hakutuachia karatasi ya mkono wake. Nakala mbili za Kigiriki zilizo miongoni mwa kongwe kuliko zote, za karne ya 4, moja ikijulikana kwa jina la Sinai na nyingine kwa jina la Vatican, hazina mstari ule. Nyingi za baadaye zinao. Wahakiki wengi wanaona kwamba mnakili alilijua neno linalofanana katika Marko 9:29, juu ya kijana yule yule, akalileta kwa Mathayo, labda kwa nia njema, kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye sufuria ya mwenzake. Watafsiri wa Biblia ya Muungano hawakulitupa wala hawakuficha shaka yao. Waliweka mabano, wakatuachia macho.

Nilimwambia pia kwamba hakuna aliyemwondolea kufunga. Bwana anafundisha jinsi ya kufunga katika Mathayo 6, bila mabano. Kanisa la Antiokia lilifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli, Matendo 13, bila mabano.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza mambo, kama wazee wanavyojua. Akauliza juu ya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha za Mara inayofanyika Musoma. Alisikia kwamba wataalamu wanahesabu Kiikoma, Kinata na Kiisenye kuwa lugha moja yenye majina matatu. Basi neno likitamkwa namna moja Ikoma na namna nyingine hapa Issenye, wataandika lipi? Na irabu zetu, ambazo ni zaidi ya tano za Kiswahili, watazipa herufi gani? Nikamwambia kwamba hayo ndiyo maswali ya Sikujua na Taylor yenyewe, na kwamba wazee kama yeye ndio wanaopaswa kuulizwa kabla hawajaondoka, kwa kuwa neno ambalo mzee amekufa nalo haliko katika nakala yoyote.

Akaomba kalamu ya risasi kwa mjukuu wake. Pembeni mwa Mathayo 17:21 akaandika kwa herufi kubwa Marko 9:29, akapuliza vumbi la kalamu, akafunga kitabu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alipotuaga alituomba tusije kwake kesho yake kwa chai, kwa sababu atakuwa amefunga.