Rider Haggard: Mwandishi wa njozi ambaye hadithi yake ilipigwa picha Rwanda

Abiria anayepanda basi katika kituo cha Nyabugogo, jijini Kigali, kuelekea kusini mwa Rwanda huvuka mto Nyabarongo muda mfupi baada ya kuuacha mji, kisha husafiri kati ya milima hadi Huye. Katika mwaka 1950 mji huo uliitwa Astrida, nao ulikuwa miongoni mwa mahali palipopigwa picha za filamu mashuhuri ya Marekani. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Mwingereza Henry Rider Haggard, aliyekuwa amekwisha kufa miaka 25 iliyotangulia. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu kimoja hasa: Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Kijana asiyetarajiwa makubwa

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake, mwenye mashamba na hulka ya ukali, hakumtegemea kufanya jambo kubwa. Kaka zake walipelekwa katika shule za gharama; yeye alisomeshwa katika shule ya kawaida ya mji wa Ipswich, na mtihani wa kuingia jeshini ukamshinda.

Mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Afrika Kusini kufanya kazi bila mshahara katika ofisi ya Sir Henry Bulwer, aliyekuwa mtawala wa koloni la Natal. Huko ndiko kijana huyo alikoamka. Alijifunza habari za Wazulu, akasikiliza masimulizi ya vita na ya wafalme, akasafiri kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alifahamiana na mzee mmoja Mswazi, mtumishi wa Sir Theophilus Shepstone, ambaye baadaye alimgeuza kuwa Umslopogaas, shujaa wa vitabu vyake kadhaa.

Lakini Haggard hakuwa msikilizaji tu. Alikuwa pia mtumishi wa dola. Mwaka 1877, Uingereza ilipoitwaa Transvaal, alishiriki kupandisha bendera mjini Pretoria. Mwaka uliofuata akawa msajili wa mahakama kuu ya nchi hiyo angali kijana. Mambo hayo mawili, mapenzi yake kwa watu aliowakuta na utumishi wake kwa waliowatawala, hayakuachana kamwe katika maandishi yake.

Dau la shilingi tano

Mwaka 1880 alimwoa Louisa Margitson, akarudi naye Natal kufuga mbuni. Vita kati ya Waingereza na Makaburu viliwakuta huko, na mwaka 1881 wakarejea Uingereza. Haggard akasomea uwakili. Vitabu vyake vya kwanza havikupata wasomaji wengi.

Ndipo siku moja alipobishana na ndugu yake kuhusu riwaya ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Inasimuliwa kwamba waliwekeana dau la shilingi tano: je, Haggard angeweza kuandika kitabu chenye walau nusu ya uzuri wa kile? Aliandika kwa majuma sita hivi. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza kikauza nakala zipatazo 31,000. Mchapishaji alikuwa amempa hiari ya kupokea pauni 100 mara moja au kulipwa sehemu ya mauzo. Alichagua sehemu ya mauzo, na uamuzi huo ukamtajirisha.

Hadithi yenyewe ni ya wazungu watatu wanaovuka jangwa kumtafuta mtu aliyepotea na almasi za Mfalme Sulemani. Wanaandamana na Umbopa, mtumishi anayetokea mwishoni kuwa mfalme halali wa nchi ya Wakukuana. Haggard alimpa Mwafrika huyo heshima ambayo waandishi wengi wa zama zake hawakuitoa. Mfalme mpya anapokwisha kukalia kiti chake, anaamua kuifunga nchi yake kwa wafanyabiashara wa kizungu wenye bunduki na pombe.

Hata hivyo, humo humo mna wazo jingine. Barabara kuu na sanamu kubwa za nchi ya Wakukuana hazihesabiwi kuwa kazi ya mababu zao, bali ya wageni wa kale waliotoka mbali. Katika riwaya ya She, iliyofuata mara baada ya hiyo, malkia mweupe asiyekufa anawatawala watu weusi. Katika Allan Quatermain ya mwaka 1887, safari inaanzia upande wa Lamu, ambako kaka yake Haggard alikuwa amepata kuwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza, na kuishia katika ufalme wa watu weupe uliojificha ng'ambo ya Mlima Kenya.

Njozi iliyochukuliwa kuwa historia

Haggard hakulibuni wazo hilo peke yake. Mvumbuzi John Hanning Speke alikwisha kudai mwaka 1863 kwamba wafalme wa nchi za Maziwa Makuu ni wazao wa watu waliotoka Ethiopia. Magofu ya Zimbabwe nayo yalidaiwa kuwa kazi ya Wafoinike, hadi wataalamu wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walipoonyesha kuwa yalijengwa na Waafrika wenyewe. Lakini riwaya husomwa na wengi wasiosoma ripoti za wataalamu. Yaliyoandikwa kwa kuburudisha yakakaa vichwani kama maarifa.

Mwaka huohuo wa 1929 tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson ilichapishwa. Ilisomwa shuleni kwa vizazi kadhaa, na kwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa walizozisoma kwa lugha hiyo.

Kamera zafika Astrida

Haggard alipewa cheo cha Sir mwaka 1912. Aliandika pia kuhusu kilimo na hali ya wakulima wa Uingereza. Alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume kwa surua mwaka 1891, huzuni ambayo haikumtoka. Karibu na mwisho wa maisha yake aliandika maneno ya kuonyeshwa kati ya picha katika filamu bubu ya She. Alifariki London tarehe 14 Mei 1925, akiwa na umri wa miaka 68.

Filamu ya mwaka 1950 ilitengenezwa na kampuni ya MGM, ikaongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton. Stewart Granger na Deborah Kerr ndio waliokuwa nyota wake, ingawa katika riwaya hakuna mwanamke wa kizungu katika safari ile. Ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda, na ikapata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha na nyingine ya uhariri. Nchi ya kubuni ya Wakukuana, ambayo Haggard aliiweka kusini mwa bara miaka kadhaa kabla ya Mzungu yeyote kuingia Rwanda, ikahamishiwa Rwanda. Umbopa alichezwa na Mnyarwanda aliyeorodheshwa kwa jina moja tu, Siriaque, na Mfalme Twala akachezwa na Baziga. Wacheza ngoma wa Kinyarwanda wakaonekana duniani kote, lakini kama mali ya hadithi ya mtu mwingine.

Watazamaji wa Marekani na Ulaya waliwaona kama taifa la ajabu la watu warefu, tofauti na Waafrika wengine. Ndiyo sura ambayo utawala wa Kibelgiji ulikuwa umeijenga pia, kwa vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu miaka ya 1930. MGM ilitumia tena sehemu za picha zile katika filamu ya Watusi ya mwaka 1959. Mwaka huo Mfalme Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla, na miezi michache baadaye Watutsi wakaanza kuuawa na kukimbia nchi.

Haitakuwa haki kumtwika Haggard damu ya watu ambao hakuwajua. Lakini dai kwamba Watutsi ni wageni halikufa. Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa mmoja aliuambia umati kwamba watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mto Nyabugogo, unaopita karibu na kituo cha mabasi, humwaga maji yake huko huko. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Nyabarongo ulibeba maiti.

Mashimo ya Mfalme Sulemani kingali kitabu chenye mvuto, na mwandishi wake alikuwa msimulizi hodari. Anayekisoma leo kwa Kiswahili anaweza kufurahia safari, vita na hila za Gagula, huku akijua kwamba barabara ile ya mawe na wale wageni wa kale vilitoka katika kichwa cha mtu mmoja wa Norfolk. Heshima inayomfaa msimulizi ni kusomwa kama msimulizi. Historia ya nchi wanayo wenyeji wake, akina Siriaque na Baziga, ambao hawakuhitaji kutoka mbali ili wawe na wafalme, ngoma na lugha yao.